Kalori umezihesabu, mbona kilo hazishuki?

Ukurasa wa wasomaji: chakula na mwili

Barua kutoka Ibanda, Kadutu, Bagira na Panzi, hapa Bukavu, zinazunguka jambo lilelile: simu inasema umekula kidogo, mizani inakataa kushuka. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa majibu mengine yanaiegemea.

SWALI: Salamu kwa wote wa gazeti. Niko na miaka 38, urefu sentimita 162, nilianza na kilo 86. Niliweka kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, na nakula 1,200 kwa siku. Wiki ya kwanza nilishuka kilo mbili na nusu. Sasa ni wiki ya sita, niko 82, na wiki tatu hizi mizani haitikisiki. Munganga mmoja aliniambia: «Kalori ni kalori, mama, wewe unadanganya tu.» Sidanganyi. Je, kalori peke yake ndizo zinaeleza mtu kupungua? (Mama F., Ibanda)

JIBU: Mama, tunakuamini. Ila hiyo 1,200 si ya kweli, na namba ulizotupa zenyewe zinaitoa siri.

Kwanza lisilo na ubishi. Mafuta ya mwilini yanatumika pale tu mwili unapohitaji nguvu kuliko zile chakula kilizoleta. Hili limepimwa mara nyingi katika vyumba vilivyofungwa ambamo pumzi ya mtu inahesabiwa usiku na mchana. Anayekwambia kalori ni uongo mtupu, mpishe njia. Lakini hesabu ya kalori ni kama daftari la duka: linakuonyesha kwamba mtaji umepungua, halikuambii nani kaula. Na wewe unachouliza ni hicho cha pili.

Tupige hesabu. Kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo wataalamu wengi wa lishe wanaitumia, inasema hivi kwa mwanamke: uzito mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, kisha toa 161. Kwa kilo 86 unapata 1,520 hivi, yaani kalori ambazo mwili ungetumia ukilala kutwa bila kufanya lolote. Zidisha kwa 1.5, kwa mtu anayepika, anayefua na kutembea kiasi: 2,280. Ungekuwa unakula 1,200 kweli, upungufu ungefika 1,080 kila siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina karibu kalori 7,700, basi kwa wiki sita ungepoteza karibu kilo 6 za mafuta, maji mbali. Umeshuka 4, na ndani ya hizo 4 maji yamo.

Maji hayo ni yale ya wiki ya kwanza. Ini na misuli vina akiba ya wanga iitwayo glikojeni, gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu inashika karibu gramu 3 za maji. Ukipunguza bugali ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Kilo moja na nusu inaweza kwenda hivyo kwa siku chache. Ukila vizuri kwenye harusi ya Jumamosi, Jumatatu imerudi. Hayakuwa mafuta yalipoondoka, wala si mafuta yanaporudi.

Tukadirie basi kwamba umeunguza kilo 2.5 za mafuta. Ni kalori 19,250. Gawa kwa siku 42, upungufu wako halisi ni 460 kwa siku. Kumbe unakula karibu 1,800. Hizo 600 ambazo simu haizioni ziko wapi?

Tafuta kwenye sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Programu nyingi za simu zinajua zaidi vyakula vya Ulaya na Marekani. Sombe huipati, unachagua mchicha wa kuchemshwa, simu inaandika kalori 23 kwa gramu 100. Sombe yako ina mawese. Gilasi ya mililita 200 ya mawese ni gramu 180 hivi, kila gramu kalori 9, jumla 1,620. Mkigawana sufuria watu sita, kila mmoja kapata 270 za mafuta peke yake. Gramu 200 za karanga ya kusaga zinaongeza karibu 1,150, yaani 190 kwa kila sahani. Halafu chai: kijiko kilichojaa mpaka kimefura kina gramu 7 za sukari, vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni kalori 250. Tumeshavuka 600 na hatujagusa bugali.

Hauko peke yako. Mwaka 1992 watafiti wa New York walipima watu waliosema wanakula chini ya 1,200 na hawapungui. Miili yao ilikuwa inaunguza nguvu kama kawaida. Walichokuwa wameandika ndicho kilipungua, kwa asilimia 47. Si lazima mtu awe mwongo. Jicho halipimi mafuta yaliyojificha kwenye majani.

Sasa cha kufanya. Tafuta mizani ya jikoni inayoonyesha gramu moja moja na inayobeba mpaka kilo 5. Usipime kila jani, utachoka kabla ya wiki kwisha. Pima vitu vinne: unga, mafuta, karanga, sukari. Kwa bugali, andika kwanza uzito wa sufuria tupu. Pima unga mkavu, tuseme gramu 600. Unga wa muhogo au wa mahindi una karibu kalori 350 kwa gramu 100, kwa hiyo sufuria nzima ni 2,100. Ikiiva, pima tena na utoe uzito wa sufuria. Ikibaki gramu 1,800, kila gramu 100 ya bugali yako ni kalori 117, na fungu la gramu 400 ni 470. Weka kitambaa kinene juu ya mizani kabla ya sufuria ya moto na urudishe namba kwenye sifuri. Sufuria pana ikifunika namba, iinue kwa bakuli dogo lililogeuzwa. Makosa ni mawili. La kwanza ni kupima bugali iliyoiva kisha kuihesabu kama unga mkavu, hapo unajiandikia mara tatu ya ulichokula. La pili ni ule unga wa kukazia unaotiwa kwa mkono mwishoni wakati wa kusonga, ambao hakuna anayeukumbuka.

Mizani ya mwili nayo ina adabu yake. Panda kila asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, andika, na mwisho wa wiki tafuta wastani wa siku saba. Linganisha wastani kwa wastani, usilinganishe Jumanne na Jumatano. Makayabu (samaki wa chumvi) ya jana usiku yanaweza kukuongezea kilo nzima: mwili ukibakiza gramu 9 za chumvi, unashika nazo karibu lita moja ya maji. Siku za kuelekea hedhi maji pia yanakaa, kwa hiyo zilinganishe na siku kama hizo za mwezi uliopita. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, ukishatoa pumzi. Mizani imesimama lakini kiuno kinapungua? Maji yanafunika mafuta, endelea. Vyote viwili vimesimama wiki nne? Upungufu umekwisha.

Na utakwisha tu, hata ukipima vizuri namna gani. Ukifika kilo 78 kanuni ileile itakupa 1,440, mara 1.5, ni 120 pungufu kuliko siku ya kwanza, kwa sababu tu mwili umekuwa mdogo. Juu ya hapo mwili unabana matumizi wenyewe. Katika jaribio la Minnesota la 1944 na 1945, Ancel Keys aliwaweka vijana 36 kwenye chakula cha karibu kalori 1,570 kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na miili ikaanza kuweka akiba: baridi wakati wote, uvivu wa kupanda ngazi, mapigo ya moyo ya polepole. Ndiyo maana ile hesabu ya «500 kwa siku, kilo 24 kwa mwaka» haitimii. Kevin Hall na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kila kalori 24 unazopunguza kwa siku, na kuzipunguza moja kwa moja, zinakuja kuondoa kilo moja hatimaye, na nusu ya kazi hiyo inafanyika mwaka wa kwanza. Kwa kalori 500, tarajia kama kilo 10 kwa mwaka.

Kwa hiyo usishuke kwenda 1,000. Kula 1,750 zilizopimwa kweli. Kama una mimba, acha kabisa mambo haya. Kama unanyonyesha, maziwa peke yake yanachukua karibu kalori 500 kwa siku, zungumza kwanza na wauguzi wa kituo chako.

SWALI: Mimi na wifi yangu tunakula sahani moja, asubuhi na jioni. Yeye amekauka kama alivyokuja, mimi nanenepa. Kama ni kalori, inakuwaje? (Dada N., Kadutu)

JIBU: Dada, kula sahani moja si kula sawa, kuna anayechota upande wa mchuzi wenye mafuta na kuna anayechota upande wa bugali. Ila hata mkipimiwa gramu kwa gramu mtatofautiana.

Mwaka 1990 Claude Bouchard wa Québec, Kanada, alichapisha jaribio la vijana 24, jozi 12 za mapacha wa kufanana. Kila mmoja aliongezewa kalori 1,000 kwa siku, siku 84. Ziada ilikuwa ileile kwa wote, lakini aliyenenepa kidogo aliongeza kilo 4.3 na aliyenenepa zaidi 13.3. Pacha na pacha mwenzake walikaribiana sana. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya jozi na jozi. Damu ina neno hapo.

Sehemu ya tofauti ilielezwa mwaka 1999 na James Levine na wenzake, waliowalisha watu 16 ziada ya 1,000 kwa siku kwa wiki nane. Waliobaki wembamba walikuwa wameanza kutembeatembea, kusimama, kuhangaika na vitu vidogo, bila kujiamulia. Mwangalie wifi yako baada ya chakula: anakaa, au ananyanyuka kuosha vyombo, kukunja nguo, kumfuata mtoto? Si lazima mgawane sahani mbili, lakini kwa wiki mbili pakua lako pembeni upate kuliona.

SWALI: Kalori 400 za soda na biskuti, na kalori 400 za maharagi na ndizi za kupika, si ni sawa tu? Mwalimu wetu anasema mwili haujui tofauti. (Mwanafunzi, Nguba)

JIBU: Ndani ya tanuru la maabara ni sawa. Ndani ya tumbo si sawa, na kwa kiasi kinachopimika. Kusaga na kutumia protini kunagharimu asilimia 20 hadi 30 ya nguvu zilizo ndani yake. Wanga asilimia 5 hadi 10. Mafuta 0 hadi 3. Maharagi yana nyuzi ambazo sehemu yake inapita bila kufyonzwa. Hata namba za kwenye pakiti zinakosea: mwaka 2012 vipimo vya Marekani vilionyesha gramu 28 za lozi nzima zinampa mtu kalori 129 pale hesabu ya kawaida ilipoandika 170, kwa sababu mafuta mengine yanabaki yamefungwa ndani ya punje na kutoka nayo.

Tofauti hizo ni ndogo, tuseme kweli. Kubwa ni ile inayokuja baada ya kumeza. Mwaka 2019 Kevin Hall tuliyemtaja aliwaweka watu 20 wodini kwa mwezi: wiki mbili vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa kutoka vitu vibichi. Meza zote mbili zilikuwa na kalori sawa, sukari sawa, mafuta sawa, nyuzi sawa, na kila mtu alikula anavyotaka. Kwenye vya viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongeza kama kilo moja. Kwenye vile vingine walipungua karibu kiasi hichohicho. Hakuna aliyewaambia waongeze wala wapunguze. Hapo ndipo mwalimu wako anapojikwaa: anachukulia kwamba idadi ya kalori unaichagua kwanza, kumbe mara nyingi chakula chenyewe ndicho kinachoichagua kwa niaba yako.

Kwa mfuko wa mwanafunzi: sambaza kavu, wale samaki wadogo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, gramu 30 zinakupa kama 18. Zichemshe na nyanya badala ya kuzizamisha kwenye mafuta, maana zikikaangwa zinanyonya mafuta mpaka hesabu inabadilika. Soda ya sentilita 33 ina gramu 35 hivi za sukari, kalori 140, na nusu saa baadaye njaa iko palepale.

SWALI: Niliacha moto (pikipiki). Napanda kwa miguu kutoka kazini hadi nyumbani, mlima mtupu. Miezi mitatu, nimeshuka kilo moja na nusu tu. Naona ni kupoteza jasho. (Papa K., Bagira)

JIBU: Papa, mlima wa Bukavu unapimika. Mtu wa kilo 80 akijiinua mita 100 kwenda juu anatumia karibu kalori 75, kwa sababu misuli inageuza kama robo tu ya nguvu kuwa kazi na iliyobaki inakuwa joto. Kilometa moja ya tambarare ni kama 40 juu ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Kilometa 3 na mita 150 za kupanda ni 230 hivi. Bia moja ya sentilita 72 ina karibu 300. Ukifika nyumbani na kiu halali ya mwanamume aliyepanda mlima, chupa moja inafuta safari na chenji inabaki.

Kuna na jambo gumu zaidi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaotembea kilometa nyingi kila siku. Ukizingatia ukubwa wa miili, jumla ya kalori walizotumia kwa siku haikuzidi ya watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa kwenye viti. Inaonekana mwili ukizoea mwendo unapunguza matumizi kwingine. Kwa hiyo 230 za leo hazibaki 230 kamili kila siku ya mwaka.

Usirudi kwenye moto, lakini. Kutembea kunashusha presha na sukari ya damu, na waliokwisha kupungua wakiendelea kutembea wanarudisha kilo polepole zaidi. Ila kazi ya kupunguza, ipe sahani na chupa.

SWALI: Niko sentineli wa usiku. Nalala masaa matano mchana, nakula kidogo, tumbo haliondoki. (Panzi)

JIBU: Mwaka 2010 watafiti wa Chicago waliwapa watu 10 chakula kilekile cha kupunguza uzito kwa wiki mbili, mara moja wakilala masaa nane na nusu kitandani, mara nyingine masaa matano na nusu. Kilo zilizoshuka zilikaribia kulingana, kama 3. Lakini waliolala vizuri walipoteza mafuta kilo 1.4, waliolala kidogo 0.6, iliyobaki ikiwa nyama ya mwili. Kalori zilikuwa zilezile. Tundika kitenge kizito dirishani, ongeza saa moja na nusu mchana, na ule protini kabla ya zamu, mayai au maharagi, badala ya mandazi ya saa tisa usiku.

SWALI: Maji ya moto na ndimu asubuhi yanachoma mafuta ya tumbo? (Wasomaji wengi)

JIBU: Hapana. Yakichukua nafasi ya chai ya vijiko vitatu, umeokoa kalori 80, na hiyo ndiyo kazi yake yote.

SWALI: Binti yangu, miaka 21, alikuwa akimeza vidonge vya kunenepa alivyonunua bila karatasi ya daktari. Uso umekuwa wa mviringo, amevimba, sasa anataka kupungua haraka. Nimpe kalori ngapi kwa siku? (Mama wa Kadutu)

JIBU: Mama, weka kalori kando kwanza. Vidonge vya namna hiyo mara nyingi vina siproheptadini, inayoamsha njaa, au deksametazoni, inayoamsha njaa, inashikilia maji na kuhamishia mafuta usoni na tumboni. Na kuna wanaovichanganya. Hapa hesabu ya sahani haielezi mwili: uso unajaa hata kwa mtu ambaye hajaongeza sana chakula, na misuli ya mapaja inapungua wakati tumbo linakua.

Hatari kubwa iko kwenye kuacha. Deksametazoni ikitumika kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo zinalala, hazitengenezi tena homoni yake ya kawaida. Ukiikata siku moja, mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka mpaka akaanguka. Kumfungia chakula wakati huohuo ni kuongeza mzigo. Daktari anapunguza dozi hatua kwa hatua na kupima presha na sukari.

Sukari tunaitaja kwa makusudi, kwa sababu dawa hii inaweza kuipandisha. Binti akianza kunywa maji mengi, kukojoa kila mara na kushuka kilo bila kujaribu, msifurahie: sukari ikimwagika kwenye mkojo inaondoka na kalori zake, gramu 100 kwa siku ni kalori 400, na huko ni kupungua kwa ugonjwa. Mpeleke hospitali wiki hii, na uchukue pakiti ya vidonge pamoja na vilivyobaki. Kama pakiti ilitupwa, chukua hata kidonge kimoja, na umwombe binti aseme kweli alimeza vingapi kwa siku na tangu lini, maana dozi ya kupunguzia inapangwa kwa majibu hayo mawili.